Mimea inayoelea kwenye bwawa la samaki la nyumbani: namna ya kuifanya ishike bila kukuzidi nguvu

Maswali ni yale yale kila mara. Nimeweka mimea ikaoza ndani ya wiki, majani yamekuwa njano, mizizi yote imeliwa, au kinyume chake, imejaa mpaka maji hayaonekani na samaki wanahema juu asubuhi. Nimeona bora niandike hatua zote sehemu moja ili anayeanza leo aende nazo toka mwanzo bila kubahatisha. Naongelea bwawa la uani, liwe la zege, la turubai la plastiki au tanki kubwa tu, lenye samaki ndani.

Kabla ya yote shika kitu kimoja. Mmea wa kuelea hauna udongo, chakula chake chote unakinyonya kwenye maji kupitia ile mizizi inayoning'inia, na majani yake yameumbwa kukaa makavu juu ya maji yaliyotulia. Kwahiyo ukiona inakufa, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi tatu: maji yanaisukuma na kuilowesha, maji hayana chakula, au samaki wanamaliza mizizi. Watu wanalaumu jua na kuhamisha mimea huku na kule wakati tatizo liko chini ya maji ambako hawajaangalia.

Mimea gani uchague

Saladi ya maji, ile Pistia, ndo ningemshauri anayeanza. Ina majani mapana yaliyokunjamana, yana vinywele laini vinavyofukuza maji, na ukubwa wake unaruhusu kuihesabu na kuitoa kwa mkono. Haipendi baridi, maji yakishuka chini ya nyuzi 15 inaanza kusinyaa.

Azola ni ndogo sana, inatanda juu kama zulia, na ina sifa ya pekee: ndani ya majani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuilisha, ndo maana inaweza kuendelea hata maji yakiwa maskini wa naitrojeni ilimradi fosforasi ipo. Kwenye hali nzuri inajizidisha mara mbili ndani ya siku chache tu. Samaki wengi wanaila, na perege ukimwachia wazi anaimaliza.

Dakwidi, vile vijani vidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, ni chakula kizuri sana cha samaki lakini ikishaingia bwawani kuitoa yote haiwezekani kirahisi, kajani kamoja kakibaki kwenye ukingo kanatosha kuanza upya. Kama hutaki kuishi nayo miaka yote usiiweke, ioteshe kwenye beseni pembeni uwe unachota kiasi.

Gugu maji lina maua mazuri ya zambarau na linasafisha maji kuliko yote hapo juu, ila hili nalisema kwa uzito: asili yake ni Amerika ya Kusini, na nje ya kwao limekuwa janga. Miaka ya 1990 liliziba mialo ya Ziwa Viktoria mpaka mitumbwi ikashindwa kupita, na nchi za Umoja wa Ulaya zimepiga marufuku kuliuza na kulifuga tangu 2016. Mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope miaka mingi alafu zikaota. Uliza kwanza sheria ya unapoishi, na kama bwawa lako likifurika linamwaga kwenye mto, mtaro au ziwa, usilifuge kabisa, chukua mmea mwingine. Hata hiyo saladi ya maji kuna nchi hairuhusiwi, kwahiyo uliza zote mbili kwa pamoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mimea michache yenye afya, 5 au 6 ya saladi ya maji inatosha
- Beseni au ndoo kubwa mbili za kuweka mimea pembeni
- Bomba la PVC la nusu inchi mita 4, elbo 4, na gundi ya bomba
- Wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya kama sentimita 1
- Kamba ya nailoni na jiwe au tofali la kutia nanga
- Glavu, saladi ya maji inawasha ngozi za baadhi ya watu
- Kipimo cha maji cha pH (ukali wa asidi au alkali ya maji) na naitreti (naitrojeni iliyoyeyuka ambayo mimea inakula), kama unaweza kukipata
- Neti ya mkono ya kuchotea

Mbolea isubiri, usiinunue bado. Utajua kama unaihitaji ukishaona mimea inavyosema.

Hatua ya 1: Soma bwawa lako

Nenda pale mchana, chukua jani kavu moja ulidondoshe juu ya maji alafu simama uangalie. Likikaa pale pale au likisogea taratibu kwa upepo, safi. Likianza kuzunguka, likapita chini ya maji yanayomwagika kutoka kwenye filta, likazama na kuibuka upande wa pili, hivyo hivyo ndo mimea yako itakavyofanywa usiku na mchana, na hakuna mmea wa kuelea unaovumilia kupinduliwa. Rudia upande tofauti tofauti mpaka upate kona ambayo jani linatulia. Hiyo ndo kona ya mimea.

Kama hakuna kona ya namna hiyo, punguza kasi ya maji yanayorudi, geuza mdomo wa bomba uelekee ukutani, au ushushe utoe maji chini ya uso badala ya kumwaga kwa juu. Usizime pampu kwa ajili ya mimea! Samaki wanaitegemea. Kama una jiwe la kutoa mapovu ya hewa lisogeze mwisho wa pili wa bwawa.

Jua nalo liangalie hapo hapo. Saa 5 au 6 za jua la moja kwa moja zinatosha kwa wengi wao. Azola kwenye jua kali la siku nzima inakuwa nyekundu na kudumaa, inapenda kivuli cha sehemu. Saladi ya maji pia kivuli kidogo cha mchana kinaisaidia, majani yanakuwa ya kijani iliyokolea badala ya kupauka.

Hatua ya 2: Weka maji sawa

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku moja au mbili kabla ya kuyaingiza, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki. Kuna sehemu wanatibu maji kwa kloramini, hiyo haiondoki kwa kuacha maji wazi, hapo lazima dawa.

Bwawa jipya la zege ndo linalowaumiza wengi. Saruji mpya inatoa chokaa kwenye maji na pH inapanda, inaweza kuvuka 9, na kwenye maji ya namna hiyo madini ya chuma yanakuwepo lakini mmea hauwezi kuyanyonya. Matokeo yake majani machanga yanatoka njano na mtu anaongeza mbolea bure. Jaza bwawa, liache wiki, mwaga, rudia mara kadhaa mpaka pH itulie chini ya 8, na hii sio kwa ajili ya mimea peke yake, samaki pia hawawezi maji hayo. Mimea yenyewe inafurahia zaidi pH ya 6.5 mpaka 7.5.

Alafu chumvi. Wafugaji wengi wanatibu samaki kwa chumvi, gramu 3 kwa lita ni dozi ya kawaida, na dozi hiyo inatosha kuunguza mimea inayoelea. Chumvi haivukizwi na jua, maji yakipungua kwa jua yenyewe inabaki na inazidi kukolea, inatoka tu kwa kubadilisha maji. Kwahiyo kama umeweka chumvi mwezi uliopita na hujabadilisha maji, bado ipo. Samaki wakiumwa huko mbele, watoe uwatibie kwenye tanki la pembeni, au toa mimea kwanza.

Hatua ya 3: Tengeneza uzio unaoelea

Ukifanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, fanya hiki. Uzio unazuia mimea isizunguke, unazuia isizibe bwawa zima, na ukiongeza wavu chini unalinda mizizi. Watu wanaona kama urembo tu alafu wanashangaa mimea inaisha.

Kata bomba vipande 4 vya mita moja moja, unganisha na elbo upate mraba, gundi kila kiungio vizuri na uache ikauke kama maelekezo ya gundi yanavyosema. Kabla ya kuupeleka bwawani, uzamishe kwenye beseni kiungio kwa kiungio uangalie kama kuna povu linatoka, hata povu dogo maana yake maji yataingia taratibu na baada ya wiki mbili uzio wako utakuwa chini. Rudia gundi pale panapovuja.

Kisha wavu. Kata wavu mgumu wa plastiki uukunje uwe kikapu cha kina cha sentimita 30 hivi, ufunge kwenye bomba kwa kamba ya nailoni pande zote. Hapa kuna kosa ambalo linaua samaki: usitumie nyavu laini za kuvulia au neti ya uzi mwembamba. Samaki anaingiza kichwa kutafuta mizizi, mashavu yananasa, anafia pale. Plastiki ngumu yenye tundu dogo hainasi, na vifaranga wadogo wanapita katikati ya matundu wanajificha ndani, samaki wakubwa hawawafikii.

Mwisho funga kamba moja kutoka kwenye uzio mpaka kwenye jiwe chini, au kwenye ukingo, ila acha kamba iwe na ulegevu wa kutosha maji yakipanda kwa mvua. Kamba fupi iliyokaza inauvuta uzio chini siku ya mvua kubwa na mimea yote inatoka nje.

Samaki gani wanahitaji wavu? Koi, goldfishi, perege, na kapu wa majani huyo ndo usiseme, anakula mmea mzima. Kambare mara nyingi hana habari na mizizi lakini anavuruga maji sana. Kama una gapi au samaki wengine wadogo, uzio bila wavu unatosha.

Hatua ya 4: Karantini

Usitoe mmea ulikotoka na kuutupa bwawani siku hiyo hiyo. Kwenye mizizi kunakaa konokono, mayai yao, viluwiluwi wa kereng'ende ambao wanawinda vifaranga wa samaki, na vipande vya dakwidi ambavyo hukuvitaka. Kama mmea umeokotwa ziwani au kwenye dimbwi la wazi kuna jambo zito zaidi, konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanapenda kujishikiza kwenye mimea ya namna hii. Mimi ningesema acha kabisa mimea ya kuokota ziwani, tafuta kwa mfugaji mwenye bwawa safi.

Suuza kila mmea kwenye maji yanayotiririka, geuza upande wa chini wa majani, ukiona ute wenye vidoti ndani hayo ni mayai ya konokono, yafute kwa kidole au kata jani lote. Weka kwenye ndoo yenye maji ya bwawa, siku 14 mpaka 21, badilisha maji kila baada ya siku kadhaa, na kila ukibadilisha angalia chini ya ndoo kuna nini kimedondoka. Maji unayoyatoa mwaga kwenye udongo mkavu, sio bwawani wala mtaroni.

Hatua ya 5: Izoeshe jua

Mimea iliyokulia kivulini au chini ya taa ukiipeleka jua la saa sita mchana majani yanababuka meupe siku ya kwanza tu, na watu wanadhani ni ugonjwa. Tumia zile zile siku za karantini: ndoo ianze kivulini, baada ya siku chache ipate jua la asubuhi tu, alafu ongeza taratibu. Siku ya kuhamia bwawani chagua jioni au siku ya mawingu.

Hatua ya 6: Ingiza bwawani

Laza kila mmea juu ya maji taratibu, mizizi chini, katikati ya mmea pawe pakavu. Usiubonyeze uzame. Acha nafasi kati ya mmea na mmea, usiipange ibanane, inahitaji pa kutandia.

Ndani ya siku za mwanzo majani ya nje yatakufa. Yatakuwa njano, yatalegea, mengine yataoza. Hii ni kawaida, mmea unaacha majani ya maji ya zamani na kutengeneza ya maji mapya. Angalia katikati. Kama jani changa la katikati limesimama, ni la kijani na kila siku linaongezeka kidogo, mmea umeshika hata kama pembeni kunatisha. Kama katikati kumekuwa laini na kuna rangi ya kahawia, huo umeondoka, utoe usiozee majini. Majani yaliyokufa yakate kila unapoyaona.

Hatua ya 7: Soma mizizi alafu ndo ulishe

Baada ya wiki mbili hivi nyanyua mmea mmoja uugeuze. Mizizi mizuri ya saladi ya maji ni myeupe, imejaa nywele nyembamba pembeni, ncha zake zinang'aa, na ukiitikisa inadondosha maji bila kukatika. Ya gugu maji inaanza na rangi ya zambarau alafu inakuwa nyeusi kadri inavyozeeka, ni kawaida. Sasa pima urefu: mizizi mirefu sana kuliko kawaida huku majani ni madogo maana yake mmea unatafuta chakula na haukipati. Mizizi mifupi na majani makubwa maana yake maji yana shibe. Mizizi mifupi iliyokatika sawasawa kama imekatwa na mkasi, huyo ni samaki, rudi hatua ya 3. Na mizizi ya kahawia, laini, yenye harufu, hiyo inaoza, ikate na uangalie kama mmea umefunikwa na mwani wa nyuzi.

Bwawa lenye samaki wa kutosha wanaokula vizuri mara nyingi halihitaji mbolea yoyote. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, na amonia ndo chakula ambacho mimea hii inakikimbilia. Njaa inakuja kwenye bwawa jipya, bwawa lenye samaki wawili watatu, au lenye filta kubwa na maji yanayobadilishwa kila wakati. Ukipima naitreti ikasoma sifuri na majani ni njano, basi ndo hivyo.

Namna salama ya kulisha ni kutoa mimea, sio kuweka mbolea bwawani. Siku ya kuosha filta usimwage yale maji machafu ya kahawia, yajaze kwenye beseni, weka mimea humo siku 5 mpaka 7 ikiwa pale pale kwenye jua ilolizoea, alafu isuuze na kuirudisha. Yana karibu kila kitu inachotaka na hujatumia senti. Kama jani changa bado ni njano huku mishipa yake ni ya kijani, kinachopungua ni madini ya chuma, tafuta mbolea ya maji ya chuma ile ya mimea ya majini, weka kwenye beseni kwa kipimo cha kwenye chupa, na hakikisha haina shaba. Gawa mimea makundi mawili uwe unalisha kundi moja na lingine linabaki bwawani.

Usimwage urea, DAP wala NPK ya shambani kwenye bwawa dogo la samaki. Najua wafugaji wa mabwawa makubwa ya udongo wanarutubisha maji, lakini wao wana eneo kubwa na vipimo vyake. Kwenye bwawa dogo amonia inapanda ghafla, na pH ikiwa juu sehemu kubwa ya hiyo amonia inageuka kuwa ile yenye sumu, unaamka samaki wote wako juu.

Hatua ya 8: Punguza kila wiki bila huruma

Mimea ikishashika kazi inageuka, sasa unaizuia. Isizidi nusu ya uso wa bwawa. Bwawa la mita 3 kwa 2 lina mita za mraba 6, kwahiyo mwisho wako ni 3, na uzio wako wa mita moja kwa moja ukijaa bado uko pazuri.

Sababu ni hewa. Mchana mimea inatengeneza oksijeni, ila ile ya majani yaliyo juu sehemu kubwa inaenda hewani sio majini, na usiku mizizi pamoja na uchafu unaooza vinatumia oksijeni ile ile ya samaki. Juu ya hapo zulia zito linazuia hewa kuingia kwenye maji. Ndo maana samaki wanahema alfajiri na mchana wanaonekana wazima kabisa, mwenye bwawa anaambiwa samaki wake wanaumwa, ananunua dawa, kumbe alitakiwa kuchota ndoo mbili za mimea.

Na mbu. Samaki wanakula viluwiluwi wa mbu vizuri tu wakiwafikia, kwenye zulia lililobanana hawawafikii. Kuna mbu wa jamii ya Mansonia ambao viluwiluwi wao hawaji juu kupumua, wanachoma mizizi ya saladi ya maji na gugu maji na kuvuta hewa humo humo, hao hata ukichungulia juu ya maji huwaoni. Ukipunguza mimea kila wiki unawatoa pamoja na mizizi.

Unapopunguza toa mimama mikubwa ya zamani, bakiza watoto. Fuata kikonyo kinachounganisha mama na mtoto, kikate mtoto akishakuwa na mizizi yake. Mimea michanga ndo inakua haraka na kunyonya uchafu zaidi, mikubwa inakaa tu na kudondosha majani. Ulichotoa kianike juani mbali na maji mpaka kikauke kabisa, alafu kiingie kwenye mboji. Usitupe mtoni, usitupe mtaroni, hata kipande.

Matatizo yanayojitokeza na cha kufanya

*Majani ya zamani njano, machanga mazima.* Naitrojeni imepungua. Beseni la maji ya filta.

*Majani machanga njano, mishipa kijani.* Chuma, lakini pima pH kwanza. Ikiwa juu ya 8 shughulika na pH, chuma utaongeza bure.

*Kingo za majani ya zamani zimeungua, zina vitobo.* Mara nyingi ni potasiamu. Mbolea ya mimea ya majini, kwenye beseni.

*Azola imekuwa nyekundu.* Jua kali, baridi, au fosforasi imepungua. Ipe kivuli wiki moja, isipobadilika na hali ya hewa ni ya joto basi ni fosforasi, lisha.

*Katikati ya mmea panaoza.* Maji yanarukia pale. Angalia mvua inayodondoka kutoka paa, mdomo wa pampu, au samaki wanaorukaruka wakati wa kulishwa. Sogeza uzio, na lishia samaki upande mwingine.

*Vidudu vidogo vyeusi au vya kijani vimejaa kwenye majani.* Vidukari. Usipulize dawa ya wadudu hata kidogo, zile za jamii ya pairethroidi ni sumu kali mno kwa samaki na tone dogo linatosha kufanya maafa. Chukua mpira wa maji uwaoshe, au uzamishe mmea kwa mkono uwatikise, samaki watawala wenyewe. Rudia kila baada ya siku mbili tatu kwa sababu wengine wanabaki katikati ya majani.

*Mwani wa nyuzi umeng'ang'ania mizizi.* Toa mmea, uchane mizizi kwa vidole ndani ya ndoo ya maji, punguza chakula cha samaki. Dawa za mwani zenye shaba ziache, zinaumiza mimea na zinaweza kuua samaki na konokono, hasa kwenye maji laini, yaani yenye madini machache.

*Mimea haikui wala haifi, iko vile vile mwezi mzima.* Pima joto la maji kwanza. Chini ya nyuzi 18 mingi inalala tu, subiri. Kama maji ni ya joto rudi kwenye mizizi uisome upya.

*Samaki wanahema juu alfajiri.* Toa nusu ya mimea hapo hapo, ongeza mapovu au mwaga maji kwa juu yarukeruke, usiwalishe siku hiyo. Wakitulia baada ya mimea kutoka umeshajua kiwango cha bwawa lako, weka alama kwenye uzio na usivuke hapo.

*Mvua kubwa imekuja bwawa likafurika.* Hii ipange kabla haijatokea: weka wavu mgumu kwenye mdomo wa kutolea maji ya ziada. Baada ya mvua zunguka nje ya bwawa, okota kila mmea uliotoka, na kama mlango wa maji unaelekea kwenye mtaro fuata mtaro wenyewe mpaka mwisho uangalie. Alafu rudi upime maji, mvua imeyapunguza makali, na wiki hiyo mimea inaweza kupauka kidogo hata kama ulikuwa unailisha.